Birika Lisilo na Mdomo

Hapo zamani, zama ambazo wajinga walikuwa wachache na wote walikuwa na vyeo, katika mji wa Mwambale alitawala Sultani mmoja akiitwa Badawi bin Nasibu. Sultani huyu hakuwa mkatili sana, wala hakuwa mwema sana. Alikuwa akiupenda uso wake tu, na mtu aupendaye uso wake namna ile hana nafasi ya kumpenda mwingine. Basi alipokwisha kuimaliza fedha ya nchi kwa karamu, manukato na farasi asioweza kuwapanda, aliagiza noti za karatasi, na kila noti ikachapwa uso wake, kichwa wazi, ndevu zimechanwa. Taji lilifichwa ndani ya karatasi. Ukiiinua noti juani ulikiona kivuli cha taji kimekaa sawasawa juu ya kichwa cha Sultani, na ukiishusha kivuli kinapotea. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya noti ya kweli, maana fundi aliyeitengeneza karatasi ile alikuwa wa nchi ya mbali na siri yake hakumwachia mtu.

Ikawa watu wa Mwambale, kila wakipewa noti, huiinua juani, huisugua kwa kidole gumba, huinusa, na wengine huing'ata pembeni. Hawakuwa na ubaya. Mtu aliyekwisha kuibiwa mara moja hukagua hata salamu.

Lakini mweka hazina wa Sultani, Bwana Ghalibu, mtu mnene wa shingo na mwembamba wa haya, alikwenda barazani akapiga magoti, akasema, "Maulana, nasikitika kukuambia. Raia wako wanauminya uso wako kama waminyavyo papai sokoni. Wanauinua miguu juu kichwa chini. Jana nimemwona muuza samaki akiunusa."

Sultani akashika mashavu yake kama kwamba yameumizwa, akauliza, "Akaunusa?"

"Akaunusa, maulana. Kisha akakunja pua."

Basi siku ile ile ikapigwa mbiu ya mgambo, ikasomwa sheria: noti ya Sultani isiinuliwe juani, isisuguliwe, isinuswe. Wala isikataliwe, kwani kuikataa noti ni kuukataa uso wa Sultani. Na atakayekutwa na noti bandia, nyumba yake ni mali ya Hazina.

Itazameni vizuri sheria hiyo, enyi mnaosifu watawala. Usikague, usikatae, na ukidanganywa utaadhibiwa wewe. Sheria ya namna hiyo hutungwa na mwenye kufaidika nayo, kisha hutiwa muhuri na mpumbavu. Haukupita mwezi noti bandia zikajaa mjini kama kunguru, na haikupita nusu ya mwaka Hazina ikawa na nyumba arubaini, na katika hizo tatu zilizo nzuri kupita zote akakaa Bwana Ghalibu, eti anazitunza.

Sasa katika mji huo alikuwako mtu fukara akiitwa Vuai Makuukuu. Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuza vitu vikuukuu mnadani: viti vya miguu mitatu, saa zilizosimama, masufuria yaliyotoboka na kuzibwa na kutoboka tena. Nyumba hakuwa nayo. Alilala chini ya meza yake ya biashara, na kanzu yake moja ilikuwa imeshonwa mara nyingi mpaka nguo ya asili haikujulikana ni ipi. Watu walimcheka, naye alicheka nao, kwa kuwa kicheko hakilipiwi ushuru.

Aliyemshonea kanzu hiyo, miaka kumi bila kumdai kitu, alikuwa jirani yake, Bi Kazija, mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili na cherehani moja. Mwaka huo Bi Kazija alishikwa na macho, hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano, akaamua kuiuza cherehani. Akaiuza kwa noti tano kwa mtumishi wa Bwana Ghalibu. Kesho yake alfajiri, kabla hajazitumia, askari wa Hazina wakabisha hodi wakiwa na mshika taa na karatasi tayari imeandikwa jina lake. Walijuaje? Wakazitazama zile noti kwa idhini maalumu, wakasema ni bandia zote tano, wakamtia gerezani, wakamwambia siku ya Ijumaa mlango wa nyumba yake utapigwa lakiri, muhuri wa Hazina, asiingie tena.

Vuai aliposikia akaenda gerezani, akasimama nje ya dirisha lenye vyuma. Akamkuta Bi Kazija amekaa, ushungi umemwangukia, analia kwa hasira wala si kwa huzuni.

"Mama," akasema Vuai, "ilikuwaje?"

"Nimwambie nani, mwanangu! Nilimtajia noti tano, nikijua atanipa moja na nusu, tuzozane, tufike mbili. Yeye akasema sawa. Akahesabu akaondoka."

"Hakuitukana cherehani?"

"Hata kidogo."

"Hakusema ina kutu?"

"Hakusema. Hata gurudumu hakulizungusha, Vuai! Nilimwambia mwenyewe, baba, inakata uzi. Akaniambia haidhuru."

Lazima mfahamu kwamba katika mnada wa Mwambale kitu kikuukuu hakinunuliwi mpaka kitukanwe. Mnunuzi hukitukana kitu, kisha huitukana bei, kisha humtukana muuzaji kwa heshima, kisha huondoka hatua saba akingoja kuitwa. Hivyo ndivyo walivyofanya babu zao, na hata kadhi, alipokuwa akinunua mkeka wa mtu aliyekufa, aliusema ule mkeka vibaya mpaka warithi wakalia. Asiyetukana hakuonekana muungwana. Alionekana mgonjwa.

"Basi mama," akasema Vuai, "hapo aliposema haidhuru ndipo ulipoibiwa. Noti huna haja ya kuikagua. Mkague mwenye noti. Futa machozi, Ijumaa bado."

Akarudi mnadani, akachukua kitambaa cheusi akajifunga macho, akakaa mbele ya meza yake. Watu wakamwuliza ana nini. Akajibu, "Namwogopa Mungu na Sultani. Sheria imesema nisiukague uso wake, nami macho yangu ni wapelelezi toka utotoni, nimeyafunga."

Basi ikawa kila mnunuzi akija, Vuai humtajia bei ya kichaa. Akitukana, akizozana, akienda hatua saba na kurudi, humwuzia, na noti huipokea bila kuigusa zaidi ya kuitia mfukoni. Na akitokea mtu wa kusema sawa, chukua, Vuai huikumbatia bidhaa yake na kusema, "Samahani bwana, noti yako siikatai, naiheshimu sana. Kiti changu ndicho sikiuzi. Nimekikumbuka kilivyonilea." Sheria ilikuwa imemlazimisha mtu kupokea noti. Haikumlazimisha mtu kuuza kiti.

Siku tatu hazikupita, habari zikaenea kwamba kipofu wa hiari mnadani hapati noti bandia hata moja, na wauzaji wengine wakaanza kununua vitambaa vyeusi. Watumishi wa Bwana Ghalibu wakawa wanarudi na mabunda yao vile vile walivyokwenda nayo. Ghalibu akaona mkate wake unaingia mchanga. Akaenda kwa Sultani, akasema, "Maulana, yuko mchawi mnadani, tena anakukejeli."

Vuai akakamatwa siku ya Alhamisi, akaletwa barazani na kitambaa chake usoni.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "nimeambiwa unaijua noti ya kweli na bandia bila kuiona. Je, ni kweli?"

"Labeka, maulana. Mimi sijui noti. Najua watu kidogo."

"Usinichezee. Kesho nitaweka wanunuzi saba hapa barazani, kila mmoja na noti tano mkononi, wengine za kweli, wengine bandia katika zile zilizokamatwa. Nawe macho yako yamefungwa, na noti hutazigusa wala kuzinusa. Utaniambia kila mmoja ana za namna gani. Ukikosea moja tu, shingo yako. Nyumba huna, ningeichukua hiyo."

Bwana Ghalibu akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa na mafuta.

"Hewala, maulana," akasema Vuai. "Lakini nikipatia, Bi Kazija atoke gerezani na nyumba yake. Tena naomba mambo mawili madogo. La kwanza, niuze kitu changu kama mnadani, kwa kuwa mimi ni mtu wa biashara, ulimi wangu haufanyi kazi bure. La pili, noti atakazobakiza mnunuzi ziwe zake, za kweli au bandia, na sheria yako ibaki ilivyo."

Sultani akacheka. Aliona fukara anaomba mambo ya kifukara. "Nimekubali," akasema.

Ijumaa ilipofika baraza lilijaa mpaka kwenye ngazi. Bi Kazija aliletwa kati ya askari wawili, na karani wa Hazina alikuwa karibu naye, lakiri ya kufungia nyumba mkononi, anaona saa inachelewa. Bwana Ghalibu aliagizwa kutoa noti za kweli, naye akazileta kutoka nyumbani kwake badala ya Hazina, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini. Sultani mwenyewe akamnong'oneza kila mnunuzi sikioni ana noti gani. Vuai akakaa chini, macho yamefungwa, mbele yake birika la shaba lililovunjika mdomo.

"Naliuza birika hili mara saba," akasema, "kwa sababu halina wa kulitaka hata mara moja. Bei yake noti tano."

Akaja wa kwanza, seremala, mwenye noti za kweli, naye anajua kila noti atakayobakiza ni mali yake.

"Hili birika?" akasema seremala. "Birika halina mdomo! Chai itatokea wapi, sikioni?"

"Noti tano."

"Noti tano kwa marehemu huyu! Hili si la kuuza, ni la kuzika. Nakupa nusu noti, nayo ni ya sanda."

"Nne, bwana, kwa ajili ya uso wako."

"Uso wangu uache. Nakwenda zangu." Akaenda hatua saba, watu wakimhesabia, akageuka akapiga kelele, "Moja! Wala usiniite tena!"

"Chukua kwa moja," akasema Vuai. "Maulana, huyu noti zake ni za kweli."

Sultani akatikisa kichwa kukubali.

Akaja wa pili, karani wa forodhani, mwenye noti bandia tano zinazomuunguza kiganja, maana alijua zikibaki naye nyumba yake imekwenda.

"Noti tano," akasema Vuai.

"Sawa!" akasema karani. "Hewala! Shika, shika zote. Birika zuri sana."

"Halina mdomo, bwana."

"Mdomo wa nini? Nalipenda hivyo hivyo!"

Watu wakaangua kicheko, na Vuai hakuwa na haja ya kusema neno, lakini akasema, "Bandia, maulana." Ikawa ni kweli.

Wa tatu alikuwa mwanamke muuza vitumbua. Huyo alilitukana birika, akamtukana aliyelifua, akatia na ukoo wa shaba yote, akalichukua kwa robo noti, akadai na kifuniko. Wa nne alisema sawa kabla bei haijatajwa. Wa tano na wa sita wakapita, Vuai akapatia wote. Bwana Ghalibu akawa anajipangusa shingo, na shingo yake ilikuwa kazi ya leso mbili.

Ndipo Sultani alipopata wazo, na mawazo yalikuwa yakimjia mara chache, kwa hiyo aliyaheshimu. Akamzuia mnunuzi wa saba kwa mkono. Akafungua kijikasha chake mwenyewe kilichokaa kando ya kiti cha enzi, akatoa noti tano, akashuka polepole kwa viatu laini, akasimama mbele ya Vuai, asiseme neno.

"Noti tano," akasema Vuai.

Sultani akazidondosha noti zote tano katika mapaja ya Vuai, akageuka kurudi. Birika hakulitazama.

Vuai akainamisha kichwa. Baraza lote likazuia pumzi, kwa kuwa wao walimwona mnunuzi ni nani, na Bi Kazija akajishika mdomo.

"Maulana," akasema Vuai, "huyu wa saba ni bandia."

Sultani akapiga kelele ya furaha. "Umekosea! Wa saba ni mimi! Noti hizi zimetoka katika kasha langu, zimewekwa humo na mweka hazina wangu kwa mkono wake! Askari!"

"Shingo, maulana, shingo!" akasema Ghalibu, na sauti yake ilikuwa imepanda mno kwa mtu aliyeshinda.

Vuai akafungua kitambaa, akapepesa macho, akasujudu. "Nisamehe, maulana, sikukujua. Mimi masikio yangu yanajua jambo moja tu. Mtu aliyeitolea jasho noti yake haitupi kwa birika bovu bila hata kulitukana. Asiyezozana ana moja katika mawili: ama noti yake ni bandia, ama hakuifanyia kazi. Kuyatenganisha hayo mawili masikio yangu hayawezi. Labda macho yako."

Watu wakatazama chini. Neno hilo lilikuwa limeingia pale palipo na kidonda.

"Ni za kweli," akasema Sultani.

"Basi ziinue juani, maulana, kisha nikatwe."

"Sheria!" akasema Ghalibu. "Maulana, sheria yako mwenyewe! Uso usikaguliwe!"

"Sheria imewakataza raia," akasema Vuai. "Haikumkataza mwenye uso kujitazama. Angekatazwa, vioo vyote vya jumbani vingekuwa gerezani pamoja na Bi Kazija."

Hapo Sultani akakwama. Kuacha kutazama ni kukiri kwamba anaogopa, na kutazama ni kufanya lile lile alilomkataza muuza samaki. Mwisho akatoka uani penye jua, watu wote nyuma yake, akaiinua noti ya kwanza juu kwa mikono miwili. Akaona uso wake. Akaona ndevu zake zilizochanwa. Juu ya kichwa hapakuwa na kitu. Akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba, akaisogeza karibu na pua, na Mungu anisamehe, akainusa. Akachukua ya pili, na ya tatu. Katika zote tano Sultani Badawi alikuwa kichwa wazi, na watu waliosimama nyuma yake walimwona anavyojitazama hana taji.

Kasha likaletwa, likamwagwa uani. Hamkuwamo noti ya kweli hata moja. Kumbe Bwana Ghalibu, tangu siku ile ya mbiu, alikuwa akitoa za kweli kwa mkono wa kulia na kutia bandia kwa mkono wa kushoto, akiwa na amani kabisa, kwa sababu Sultani alikuwa amemtungia sheria ya kumlinda. Mwizi gani aliwahi kupata mlinzi wa namna hiyo?

"Maulana," akasema Vuai, "umekutwa na noti bandia. Je, jumba hili lipigwe lakiri leo au tungoje Jumatatu? Naona karani wa Hazina anayo mkononi."

Karani akaificha lakiri nyuma ya mgongo. Sultani akawa mwekundu, kisha akawa hana rangi. Angeweza kumkata Vuai shingo, lakini mji mzima ulikuwa umemwona akinusa karatasi juani, na huwezi kuukata mji shingo. Basi akaifuta sheria pale pale. Nyumba arubaini zikarudi kwa wenyewe. Bi Kazija akapewa nyumba yake, na cherehani ikatolewa ghalani kwa Ghalibu pamoja na mashine ya kuchapia noti. Bi Kazija alipoletewa cherehani akalizungusha gurudumu mara moja, akasema mbele ya Sultani, "Inakata uzi vile vile. Hata mafuta hamkuitia, wezi nyie."

Ghalibu akahukumiwa auze mali yake yote mnadani yeye mwenyewe, kitu kimoja kimoja, kwa watu wa Mwambale. Walimwuliza bei ya kila kijiko. Walivitukana vitu vyake siku ishirini na tisa, na walipomaliza vitu wakaendelea na yeye.

Mwisho Sultani akamwita Vuai, akataka yaishe kwa uzuri, akasema, "Umenifumbua macho. Pokea noti kumi, nimezitoa katika zile zilizopatikana kwa Ghalibu."

Vuai akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akatoka mpaka penye jua, akaiinua ya kwanza.

"Hata mimi huniamini?" akauliza Sultani.

"Wewe nakuamini, maulana. Mkono uliozishika kabla yako ndio siujui."

Akaiinua ya pili, akaisugua. Akaiinua ya tatu. Sultani wa Mwambale akasimama pale akingoja, jua linamchoma utosini, mpaka fukara mwenye kanzu ya viraka akaifikia ya kumi, akaigeuza mara mbili, akasema, "Hizi zinafaa."

Nami hadithi yangu ndiyo hiyo, kuukuu kama birika la Vuai. Ukiona haina mdomo, itukane kwanza, ndipo nitajua umeitaka.